Hakuomba Ruhusa

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma geji ya boila, na kila nikiisoma huandika saa ukutani kwa chaki. Wanaokuja kunipa pole hudhani mambo yaliharibika siku mke wangu alipoanguka. Hapana. Siku hiyo yalikuwa yameoza zamani, yeye akaangukia juu yake. Siku yenyewe ni Jumanne ile, walipokuja wanaume wawili na bisibisi, wakalifungua benchi la dirishani skrubu moja baada ya nyingine, wakalitoa nje miguu mbele kama wanaotoa maiti. Tulikuwa watu kumi na watano mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza benchi linakwenda wapi. Hilo nalo linaniuma.

Nieleze vizuri, maana asiyeijua kazi yetu ataona nalilia ubao.

Sisi ni madobi. Si wale wa beseni na kamba. Ni kiwanda kizima cha udobi, ghorofa mbili, kinachofua mashuka ya hospitali kubwa na ya hoteli nne. Ukumbi wa chini ndio wetu. Mashuka hutoka kwenye ngoma za kufulia yamejisokota kama utumbo, wanawake wawili wakayakunjua na kuyaingiza kwenye mashine ya kunyoosha, wawili upande wa pili wakayapokea yakiwa moto, halafu yanakwenda kwenye meza ya kukunjia. Wanawake kumi na wanne, na mimi mtu wa boila nyuma ya mlango wa kioo, kazi yangu kuwapelekea mvuke. Kazi ile ni ya kusimama. Tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi, miguu juu ya saruji yenye maji, na joto la kumsahaulisha mtu jina lake.

Basi pale dirishani palikuwa na benchi. Mwanamke ambaye leo miguu imevimba, au mgongo umekataa, au ana mimba changa na harufu ya sabuni inamchafua roho, alikwenda kukaa pale, na jirani yake akashika nafasi yake bila kuambiwa. Lakini kukaa kwenyewe hakukuwa kukaa. Aliyekaa alipitishiwa mashuka moja moja, akayainua kwenye mwanga wa dirisha, na akiona lililochanika alilitia kiraka papo hapo. Sindano, uzi na kopo la vitambaa vilikaa chini ya benchi. Hakuna aliyeandika zamu. Leo wewe, kesho mwenzio, na asiye na udhuru haendi, kwa sababu wenzake wanamjua vizuri kuliko daktari. Kwa miaka kumi na minane hospitali haikupata kupokea shuka lenye tundu kutoka kwetu. Wakubwa hawakujua kwa nini, maana hawakuuliza.

Mkubwa mmoja tu alijua, meneja wetu wa zamani. Tulimwita Mzee Hodi, kwa kuwa kila akishuka ukumbini alisimama mlangoni akapiga hodi, kana kwamba anaingia nyumbani kwa watu. Wanawake wakamkaribisha, ndipo akaingia. Siku moja aliwakuta watatu wamekaa benchini kwa mpigo, akauliza kulikoni, akaambiwa joto limewapiga. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akashika nafasi kwenye mashine mpaka saa ya chakula. Mashuka yaliyopita mikononi mwake yalitoka na makunyanzi kama shingo ya kobe, ikabidi yote yarudi kwenye ngoma. Walimcheka wiki nzima, mbele yake, naye akacheka. Niliwahi kumuuliza kama haogopi kwamba watu watamkalia kichwani. Akaniambia kila mmoja wa hawa anajua kuna mgonjwa atalalia shuka hili leo, na mtu anayejua hivyo hahitaji kufukuzwa kama mbuzi.

Akastaafu. Akaja huyu.

Huyu tulimwita Bwana Kipimo. Kijana wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, mwenye adabu. Siwezi kumsingizia, hajapata kunitukana. Shingoni alining'iniza saa ya kupimia mbio, kama wale wanaowafunza wanariadha. Siku yake ya kwanza aliingia ukumbini bila hodi, wanawake wakageuka wote pamoja kama kuku waliosikia kitu uani. Alisimama dakika nne hivi. Mke wangu ndiye aliyekuwa benchini, shuka mapajani, sindano mdomoni. Bwana Kipimo hakumuuliza yeye. Alinifuata mimi kwenye boila akaniuliza, "Yule mama amekaa tangu saa ngapi?"

Nikamwambia anashona.

"Nimeuliza tangu saa ngapi, mzee wangu."

Nikataja saa. Akaandika saa. Kushona hakukuandika.

Jumanne iliyofuata benchi likaondoka, na Jumatano tukaitwa wote tusikilize maneno. Alizungumza vizuri sana, bila karatasi. Alisema hana kinyongo na mtu, ila amesoma na ameona kwamba binadamu akiachwa peke yake hutafuta pa kukaa. Si dhambi, alisema, ni maumbile. Mtu haji kazini kwa mapenzi, huja kwa kuwa hana budi, na akipata mwanya atapenya. Kwa hiyo kazi ya kiongozi ni kuziba mianya. Shangazi, mkubwa kuliko wote pale mezani, bibi wa wajukuu sita mwenye ulimi usiolala, akanong'ona kwamba basi ofisini kwake nako wamwondolee kiti, akalie ndoo. Kicheko kikapita. Bwana Kipimo akatazama kilikoanzia, akaandika.

Ndipo kikaja kibao chekundu. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, kimetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Kimoja kwa wanawake kumi na wanne. Anayetaka kutoka, iwe chooni, iwe maji, iwe zahanati ya ng'ambo ya barabara, anakuja kwa msimamizi, anaomba, anavishwa kibao shingoni, saa inaandikwa. Kibao kikiwa nje, hakuna mwingine kutoka. Zikipita dakika sita, umeandikwa mtoro. Ukiandikwa mara tatu, barua.

Wanawake wazima wenye wajukuu wakawa wanatembea kwenda chooni na ubao shingoni kama ng'ombe wa mnada. "Jikaze kisabuni, mwanangu, kibao kiko safarini," Shangazi alikuwa akimwambia aliyebanwa, na mwanzoni tulicheka. Baadaye hakuna aliyecheka.

Na msimamizi alikuwa nani? Nitasema, maana nikiwasema wakubwa na kujificha mwenyewe nitakuwa mwongo kama wao. Bwana Kipimo aliniita ofisini, akanikaribisha kiti, akanimiminia chai kwa mkono wake. "Mzee wangu," akasema, "wewe ni mtu wa siku nyingi, watakusikiliza. Halafu mkeo yumo mle. Kwa hiyo utakuwa mkali mara mbili, watu wasije wakasema unapendelea." Alikuwa amenipima na mimi, na kipimo kikatoka sawasawa. Nilipewa koti jeupe lenye mifuko mitatu. Mimi shule niliishia darasa la nne, maisha yangu yote nimevaa ovaroli yenye masizi. Nililipenda lile koti. Nilikuwa nalifua mwenyewe, sikumwachia mtu.

Na koti lile lina ugonjwa wake. Sijui niuelezeje. Miaka kumi na minane nilikuwa nikiwatazama wanawake wale kupitia mlango wa kioo na nilichoona ni mashuka meupe yanatoka. Nilipolivaa, wiki ya pili tu, nikaanza kuona miguu. Nani amehamishia uzito mguu mmoja. Nani amepiga miayo. Nani ametazama dirishani mara mbili. Ukipewa kazi ya kutafuta wavivu utawapata tu, hata kama ni wale wale waliokubebea msiba wa mama yako. Jioni nikawa na orodha mfukoni, na Bwana Kipimo anaipokea huku akiitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi wa kujivunia.

Nao wakabadilika. Zamani, gari la hospitali likichelewa siku ya Ijumaa, hakuna aliyeuliza saa. Walibaki mpaka shuka la mwisho, wakitaniana. Sasa kengele ikilia mikono inaachia hapo hapo. Nililiona kwa macho yangu shuka likining'inia, nusu ndani ya mashine na nusu hewani, na wenye kulishika wameshafika kwenye ndoano za mikoba. Kibao nacho hakikupumzika. Kila mmoja alikwenda na dakika zake sita, awe na haja asiwe nayo, kwa sababu usipochukua sasa huenda ukibanwa usikipate. Wengine walikwenda kusimama tu uani, wanatazama ukuta, mpaka dakika ziishe. Watu ambao hawakuwa wakwepaji sasa walikuwa wakwepaji hodari. Sisi ndio tuliowafundisha.

Mwezi wa tano ikaja barua ya hospitali: mashuka yanafika yamechanika. Bwana Kipimo akashuka nayo, akaisoma kwa sauti, akaikunja. "Mnaona?" akasema. "Nilijua." Alifurahi, wallahi. Si furaha ya ubaya. Ni furaha ya mtu aliyebashiri mvua na mvua ikanyesha.

Nilimfuata ngazini. Nikamwambia, "Bosi, ni benchi."

"Benchi halishoni, mzee wangu."

"Linashona likikaliwa."

Akatabasamu. Akaniwekea mkono begani, mimi ninayeweza kumzaa. "Mimi siwachukii," akasema. "Binadamu ameumbwa kukwepa. Hata mimi."

"Na wewe ukikwepa, nani anakuandika?"

Hapo mkono ukatoka begani. Akasema ana kikao.

Sasa mke wangu. Alikuwa na presha, na miguu yake ikifika saa sita inajaa kama mikate. Kwenye benchi ndiye aliyekaa mara nyingi kuliko wengine, na ndiye aliyekuwa fundi kuliko wengine. Mishono yake ilikuwa midogo kama punje za mchele. Benchi lilipoondoka akasimama. Mara tatu alichukua kibao kwenda zahanati ng'ambo akapimwe, na kwa kuwa zahanati ina foleni, mara tatu zikapita dakika sita. Mara ya kwanza niliandika kwa uchungu. Mara ya pili niliandika. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaandika kabla hajarudi.

Barua ya onyo nililetewa mimi nimpe, maana ndiyo kazi ya msimamizi. Nikaiweka mezani nyumbani, chini ya kopo la sukari. Yeye alimaliza darasa la saba, alisoma haraka kuliko mimi. Aliisoma barua, akasoma na orodha iliyobanwa nyuma yake, tarehe na dakika. Kisha akaigeuza kwenye mwanga wa taa, vile vile kama alivyokuwa akiinua mashuka. "Baba watoto," akasema, "huu mwandiko si wako huu?" Akaikunja akairudisha chini ya kopo, akanipakulia.

Alianguka Alhamisi, wiki ya pili ya mwezi wa sita. Asubuhi tulikunywa chai tukatoka pamoja kama kawaida. Ilikuwa siku ya wageni. Wakubwa wa makao makuu walikuja kuona mpango wa Bwana Kipimo, maana walitaka kuupeleka ghorofa ya juu na kwenye viwanda vyao vingine viwili. Nilisimama karibu na mlango, koti limenyooka. Kibao kilikuwa kwenye msumari wake. Hakuna aliyethubutu kukishika mbele ya wageni. Kidogo kabla ya saa tano mke wangu aliinua uso akanitazama kupitia ule mvuke. Mara moja tu. Mimi nilikuwa nimegeuka kumwitikia mgeni mmoja aliyeniuliza boila ni ya mwaka gani.

Aliyeshika upande wa pili wa shuka anasema hakumwona akianguka. Alihisi tu shuka limekuwa zito.

Tulimlaza kwenye kikapu cha magurudumu, juu ya mashuka machafu, tukamsukuma mimi na Shangazi mpaka getini. Mlinzi wa geti akaomba hati ya kutoka, iliyosainiwa na meneja, kwa sababu ndiyo amri. Meneja alikuwa na wageni. Mlinzi akachungulia kikapuni, akafungua geti lote mbawa mbili. Kesho yake hakuwa na kazi. Katika kisa hiki chote ni yeye peke yake aliyetumia akili aliyopewa na Mungu, na ni yeye peke yake aliyefukuzwa.

Hospitali walimpokea vizuri. Walimlaza juu ya shuka letu. Lilikuwa na kiraka karibu na bega, na mishono naijua. Kufika saa tisa alikuwa amekwenda.

Wiki sita baadaye ikaletwa karatasi. Binti yetu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyenisomea, mara mbili. Ilisema kwamba kibao kilikuwepo. Kwamba msimamizi alikuwepo. Kwamba marehemu hakuomba ruhusa. Kwamba kwa hiyo umauti ulitokana na uzembe wake mwenyewe wa kutofuata utaratibu, na utaratibu wenyewe hauna kasoro. Chini palikuwa na nafasi mbili za sahihi, na zote mbili zangu: moja ya mume, moja ya msimamizi. Nikitia, jalada linafungwa. Kibao kinapanda ghorofa ya juu na kwenda kwenye viwanda vile viwili, na mke wangu anabaki kwenye kabati la chuma, miaka yote, kwa jina la mzembe. Yeye, ambaye mikono yake hata msibani ilikuwa ikitafuta cha kufanya.

Binti yangu akaiweka chini. "Baba, ni kweli mama hakuomba?"

"Kweli."

"Na kibao kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

"Sasa kwa nini hakuomba?"

Nikatoka nje nikaenda kuchanja kuni ambazo hatuzihitaji.

Nilipotuma neno kwamba sitii sahihi, waliitisha kikao. Jumatatu, ghorofa ya juu, chumba chenye viti vya mito ambacho sisi wa chini hatujapata kukiingia. Alikuwepo mama mwenyekiti kutoka makao makuu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, mpole, karani wa kiwanda, msichana mwenye daftari kubwa, Bwana Kipimo, na Shangazi kwa niaba ya wafanyakazi. Shangazi kabla ya kukaa alikibonyeza kile kiti kwa kidole, akanong'ona kwamba kumbe mwanya wa kukaa ulihamishiwa huku. Sikucheka, lakini ulinitia nguvu ule utani.

Nilikwenda pale na hasira iliyopangwa. Usiku kucha nilikuwa nimeipanga: kwanza benchi, pili kibao, tatu geti, na kila kimoja nilijua nitakisukuma kwenye uso wa nani. Na niliyasema. Nilisema mpaka mate yakakauka. Nilisema kwamba mtu aliyekaa kushona aliandikwa kama mtu aliyekaa. Nilisema mashuka yaliharibiwa na waliowaita watu waharibifu. Mama mwenyekiti alisikiliza, karani akaandika, Bwana Kipimo alitazama mikono yake. Nilipomaliza, mama yule akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuniumiza:

"Mzee, wewe ndiye uliyekuwa msimamizi. Kibao kilikuwa hatua tatu kutoka ulipo. Mkeo angekuja kwako, ungemnyima?"

"Nisingemnyima."

"Basi kwa nini hakuja?"

Kulikuwa na feni kwenye dari, inazunguka polepole na kukwaruza. Nikaisikiliza. Nilikuwa na majibu mengine, ya kweli pia: barua ya onyo, wageni, woga. Shangazi alinigeukia. Yeye hakuwa akijua. Hakuna aliyekuwa akijua. Tulikuwa wawili tu jikoni asubuhi ile, na mmoja keshazikwa.

Nikasema, "Kwa sababu nilimkataza."

Nikawaambia. Kwamba aliamka na kichwa kizito, akashika ukuta kufika jikoni. Kwamba nilimwambia leo asiombe kibao, wageni wanakuja, na wakimwona mke wa msimamizi ndiye wa kwanza kutoka watasema nini. Kwamba nilimwambia ajikaze mpaka saa saba. Na kwamba moyoni, Mungu anisamehe, sikuwa nimeamini sana hicho kichwa. Miaka thelathini na mmoja nimelala na mwanamke yule, namjua anavyopumua akiwa na homa na anavyopumua akijifanya amelala, na asubuhi ile nilimtazama kama anavyotazamwa mtu anayetafuta mwanya. Alikuwa akifunga kitambaa kichwani. Akasema, "Sawa, msimamizi." Hakuwahi kuniita hivyo. Nikaona anatania.

Karani alikuwa ameacha kuandika.

Bwana Kipimo ndiye aliyekohoa. Alizungumza kwa heshima, kichwa kimeinama. "Tunampa mzee pole sana," akasema. "Ni jambo la kusikitisha. Ila mama mwenyekiti, nadhani sasa kikao kimeona chanzo. Si utaratibu. Ni mawasiliano ya nyumbani."

Mawasiliano ya nyumbani. Nimeyageuza maneno hayo tangu siku ile kama mtu anayegeuza jiwe lililomvunja jino. Alikuwa amekuja na wazo lake, akaliweka ukumbini kwetu, likashuka ngazi, likapanda koti langu, likavuka barabara na mimi mpaka jikoni kwangu, likakaa kati yangu na mke wangu kwenye meza ya chai. Na sasa alikuwa ananirudishia, limekunjwa vizuri, kama langu. Na sehemu iliyo yangu naichukua. Sikatai. Nililivua koti pale pale, nikalitundika kwenye mgongo wa kiti, nikarudi kuwa mtu wa boila. Lakini sehemu ile iliyo yake hakuna aliyeinyooshea mkono.

Shangazi alitaka kusema, nikamshika mkono. Nikamwambia mama mwenyekiti kwamba sitatia sahihi, si ya mume wala ya msimamizi, mpaka nijibiwe jambo moja. Akaniambia niulize. Nikamgeukia kijana yule, na kwa mara ya kwanza sikumwita bosi. Nilimwita mwanangu, kwa kuwa hasira yangu ilikuwa imepita mahali pa matusi. Nikamuuliza. Akafungua mdomo, akamtazama mama mwenyekiti. Mama mwenyekiti akatazama saa. Akasema swali ni zito, liandikwe kumbukumbu, litajibiwa kwa maandishi.

Karani akaliandika, namba saba, akaacha mistari minne chini yake kwa ajili ya jibu.

Ni mwezi wa kumi sasa. Kila mwisho wa wiki, nikimaliza zamu, hupanda ngazi kwenda kumuuliza yule msichana kama limejibiwa. Mara ya kwanza alinitafutia maneno. Siku hizi hanijibu. Hulifungua tu daftari, akaligeuza upande wangu, akatazama pembeni. Mistari minne ni myeupe bado. Juu yake, kwa mwandiko wake mzuri, pameandikwa nilivyosema:

Wewe uliyetukuta tunafanya kazi, nani alikwambia kwamba hatuitaki?